Inchi Mbili

Jiwe la kwanza liko ukishaipita Igombe,
pale barabara ya Kayenze inaposahau kuwa ni barabara.
Nalijua kwa sauti:
linakwangua tumbo la pikapu yangu
kama mtu anayekwangua ukoko
wageni wakiwa bado mkekani.

Kila alfajiri mapande arobaini ya barafu,
maranda, turubai, na mimi.
Springi za nyuma zimelala,
zimenyooka kama rula ya shule,
na maji yanayochuruzika yanachora mstari
toka kiwandani hadi mwaloni.
Hata mbwa wa Sangabuye wanajua nimepita.

Nyakato, kwa fundi Lugembe,
Ntemi, kijana wake, simu yake ina kioo kilichopasuka,
ananionyesha pikapu zilizosimama juu
kama korongo topeni.
"Inchi nne, dada Holo. Na tairi za meno.
Ukipita Kirumba watu watageuka."
"Wakigeuka watanilipia mafuta?"
Lakini ile picha niliitazama mara mbili.

Lugembe hakucheka. Alikuwa chini ya gari,
miguu tu nje, na ndala moja.
Sauti ikatoka uvunguni:
"Ukiliinua gari, umeyainua na matatizo yake.
Inchi nne, propela inapinda shingo,
boljointi zinalia kabla ya Krismasi,
na kwenye kona, na hiyo barafu yako,
utajua gari lina kichwa kizito.
Spesa ni rahisi, lakini ni viatu vya kuazima,
vinakupa kimo, havikupi mgongo.
Chukua springi mpya, zenye jani moja la ziada,
shokapu ndefu kidogo. Inchi mbili, basi.
Halafu alaimenti.
Hapo kwenye alaimenti usinikimbie."

Nikaazima futi yake.
Si ya kupimia gari.

Nyumbani Mabatini, kati ya majabali mawili
yanayotushikia ukuta bila kudai kodi,
nikamwambia mayu ainue mguu.
"Kwani kuna ngoma?"
"Inua tu. Mpaka goti likatae."
Likakataa kwenye arobaini na nane.
Nikaandika kiganjani kwa kalamu ya bluu.

Kila Jumanne tunapanda Bugando,
mimi, yeye, na faili lake lenye masikio,
na goti lile halijui kusoma karatasi za dukani.
Kizingiti cha mlango, leo: arobaini na tano.
Za Ntemi zinakifikisha hamsini na tano,
ambako mama yangu hafiki.
Za Lugembe, hamsini.
Sentimita mbili zikabaki mkononi mwangu usiku kucha,
unene wa ndala,
na bado sikupata pa kuziweka.

Asubuhi nikamkuta Lugembe anafungua springi za zamani.
Nikampa kiganja, akakisoma kama stakabadhi.
Hakusema kitu. Akaliokota jani moja,
lile lililochoka kubeba barafu,
akalikata, akalichomelea chini ya mlango wa kushoto,
cheche zikimrukia Ntemi aliyekuwa akipiga picha.
"Hiyo sikuandikii kwenye bili," akasema.
Bili yenyewe bado nailipa. Shokapu moja ni yangu,
ya pili ni ya Lugembe mpaka mwezi wa sita.

Jiwe la Igombe halijahama.
Nilizima redio nisikie.
Likagusa mara moja, kidogo,
kama anayebisha hodi huku akijua hakuna mtu.

Jumanne mayu akasimama mbele ya mlango
akautazama kwa muda, khanga imekazwa kiunoni.
Mguu kwenye jani. Mkono kwenye kiti. Pumzi.
"Limekuwa refu."
"Inchi mbili tu, mayu."
"Mbili ni za fundi. Za goti ni nne."
Kisha akauvuta mlango mwenyewe, kwa kishindo,
kama mwenye gari.